Mvua Iliyonyesha Kabla ya Hukumu

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili nisije nikaonekana shujaa, maana watu wakisikia kwamba mwanamke wa kijijini alimpeleka jirani yake mahakamani miaka ile ya tisini hudhani alikuwa na moyo wa chuma. Sikuwa nao. Nilikwenda mahakamani kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukimbilia.

Tuliishi Mbozi, kwenye kahawa na mahindi, wakati wilaya yetu ingali ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mume wangu alikuwa utingo wa malori yaliyovuka Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Alirudi kila baada ya miezi miwili au mitatu, ananuka dizeli, na vitenge viwili begani. Mimi nilibaki na mama mkwe na watoto wangu wawili. Pale kijijini nilikuwa mgeni. Nimezaliwa Ileje, upande wa Isongole, na ingawa nilikuwa nimekaa miaka saba na kuzaa hapohapo, mtu akitaka kunisema alianza na "huyu mtoto wa watu wa Ileje".

Kila mtu alikuwa anajenga. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, wanunuzi binafsi wa kahawa wamefika, mabati yanauzwa hadi duka la kijijini, na nyumba ya nyasi imegeuka kitu cha kuficha ili wageni wasikione. Mume wangu naye akataka tofali za kuchoma. Tulianza kufyatua mwezi wa saba, na tanuru la kwanza tulilichoma mwezi wa tisa. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana kosa langu la kweli liko hapa: kuni za tanuru lile tulizikata chemchemini.

Chemchemi ilikuwa chini kidogo ya shamba letu, imezungukwa na mikuyu mikubwa, na nusu ya kijiji ilichota hapo. Kila mtu alijua miti ile haikatwi, ila hakuna aliyejua ukiikata atakayekushtaki ni nani. Mume wangu alikuja na wenzake wawili na msumeno, wakaangusha mitano kwa siku mbili. Mimi niliwapikia ugali na maharage. Sikusema kitu. Nilikuwa naiona nyumba tu, na madirisha yake.

Mwezi wa kumi na moja mvua haikuja. Wa kumi na mbili ukaingia, bado. Waliokuwa wamepanda vumbini walifukua mashimo wakakuta mbegu zimeliwa na mchwa. Na chemchemi, ambayo mama mkwe alisema hajawahi kuiona imekauka tangu aolewe, ikabaki tope, kisha ikakauka kabisa.

Sasa, kwa watu wa kule, mwenye tofali mbichi huangaliwa kwa jicho baya mvua ikichelewa. Hakuna aliyehitaji mganga wa kupiga ramli. Ni akili ya kawaida kabisa: mwenye tofali anataka jua, mwenye mahindi anataka mvua, na kama mvua haiji basi mwenye tofali ndiye aliyeshinda. Husemwa kwamba ameifunga. Miaka mizuri ni utani tu, watu wanakupitia na kukwambia "utufungulie basi, bwana", mnacheka. Mwaka ule hakuna aliyecheka. Uani kwetu zilikuwa zimepangwa tofali mbichi za tanuru la pili, zimefunikwa nyasi, na kila aliyepita barabarani aliziona.

Nilianza kuelewa siku niliyokwenda kwenye mashine ya kusaga. Niliingia na debe langu, wanawake wakanyamaza wote kwa pamoja, na yule aliyekuwa mbele yangu akanipisha. Ukipishwa foleni na mtu asiyekupenda, ujue kuna jambo. Nilisaga unga wangu, nikarudi nyumbani bila kusubiri pumba.

Lazima niseme tulichokuwa tunakiogopa, ili nisionekane nimekuza mambo. Mwaka wa nyuma, katika kijiji cha bondeni, mzee mmoja alichomewa nyumba kwa neno hilohilo la kufunga mvua. Alikuwa ndani. Kila mtu alijua nani walihusika, na wote walikuwa wanapanda na kuvuna kama kawaida.

Walikuja Jumatano mchana, wanaume watano. Aliyezungumza alikuwa jirani yetu, binamu wa mume wangu, mtu wa kanisani, mwenye kitalu cha miche ya kahawa kilichokuwa kikinyweshewa kwa maji ya chemchemi. Kitalu chote kilikuwa kimekufa. Alisimama nje ya ua na kuvua kofia.

"Shemeji," alisema, "hatukuja kwa ugomvi. Tunakuomba ufungue."

"Nifungue nini, shemeji? Mimi sijafunga kitu."

"Watoto wana njaa. Ukifungua, yameisha, hakuna atakayekuuliza. Tunakupa hadi Jumapili. Baada ya Jumapili mimi sitaweza tena kuwazuia vijana."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Angetukana ningejibu. Waliondoka, nami nikakaa chini palepale mlangoni. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba mlango wetu ulikuwa mmoja na dirisha la chumba cha watoto lilikuwa na nondo.

Kesho yake alfajiri mama mkwe alifanya kosa ambalo mpaka leo siwezi kumlaumu. Hakuniambia. Alichukua ndoo ya maji tuliyokuwa tumeifuata mbali, akaenda kwenye tofali mbichi, akafunua nyasi, akazimwagia maji huku akiomba msamaha kwa niaba ya nyumba yake yote. Ndivyo mvua inavyofunguliwa kule: mwenye tofali azilowanishe mwenyewe, na aombe radhi kwa sauti. Yeye alitaka tu wale watu waridhike. Hakumwamini hata mmoja wao kuhusu mvua, lakini aliwaogopa wote.

Wanawake waliokuwa wanapita kwenda shamba walimwona na kumsikia. Kabla jua halijapanda kijiji kizima kilijua kwamba tumekiri. Na mvua haikunyesha. Basi wakasema tumefungua nusu.

"Mama, umetuua," nilimwambia. Ni neno ambalo sikupaswa kumwambia mkwe wangu.

"Najua," alijibu. "Nenda mahakamani."

Mahakama ya mwanzo ilikuwa kwenye makao ya kata, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Niliondoka na watoto, mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Karani alifungua kitabu chake kikubwa, akauliza shauri langu ni la nini. Nikamwambia nimetuhumiwa kufunga mvua. Akaweka kalamu chini.

"Dada, hilo humu halimo," alisema. "Kuna wizi, kuna kupiga, kuna kuharibu mali. Mvua haina safu."

Hakimu alitusikia akatoka. Alikuwa kijana mwenye miwani, amehamishwa kutoka Tanga, na baridi ya Mbozi ilikuwa imempasua midomo. Aliniuliza jirani alisema maneno gani hasa. Nilipofika kwenye "sitaweza kuwazuia vijana" alinyoosha kidole. "Andika kutishia," alimwambia karani. "Mahakama haina mamlaka juu ya mvua, lakini juu ya hayo maneno inayo." Akatoa hati ya wito ya siku ya Jumamosi, na akaagiza mgambo mmoja akae nyumbani kwetu hadi siku hiyo.

Ningepumua, lakini karani alinifuata nje kunifafanulia mambo, akidhani ananisaidia. Hakimu yule haamui peke yake, alisema. Anakaa na washauri wawili wa mahakama, raia wa kawaida, na kila mmoja ana kura sawa na yake. Wawili wakikubaliana, hakimu ameshindwa.

"Washauri hao ni watu gani?" niliuliza.

"Wakulima," alisema. "Kama wewe."

Kama mimi! Watu ambao mahindi yao yalikuwa yameliwa na mchwa kama ya wengine. Nilitembea saa mbili za kurudi nikiwa na hofu kubwa kuliko niliyokwenda nayo.

Yule mgambo alikuwa mtu mwema. Alikaa uani na rungu lake siku mbili, akala chakula chetu, akacheza na watoto. Ijumaa jioni alikohoa kidogo, akaniambia, "Mama, mimi nitakulinda mpaka mwisho, wala usiwe na wasiwasi. Ila na wewe tusaidie kidogo. Wingu moja tu." Nilitaka kucheka. Nikajifungia ndani nikalia.

Jumamosi chumba cha mahakama kilijaa hadi madirishani. Nusu ya kijiji ilikuwa imetembea kuja kunitazama. Kulikuwa na joto zito na mbingu nyeupe isiyo na kitu. Washauri waliketi pande mbili za hakimu: mzee mmoja mnene mwenye shamba la kahawa, na mama wa makamo niliyemfahamu kwa sura kwa sababu aliuza mbegu za maharage gulioni. Mbegu za mwaka ule hakuna aliyezinunua. Nilimtazama usoni nikitafuta huruma, nikakuta uchovu tu.

Nilishika Biblia nikaapa. Nikaeleza ya Jumatano. Jirani yangu aliulizwa, akasema hakutishia, aliomba. Mama mkwe akaitwa, akaulizwa kwa nini alimwagia tofali maji.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini, kama hamkufunga kitu?" aliuliza yule mzee mshauri.

"Niliwaogopa nyinyi," mama mkwe alisema, na akazungusha mkono kuonyesha chumba kizima, washauri na hakimu wakiwemo. Watu wakanung'unika. Nikajua tumekwisha.

Kisha yule mama wa mbegu aliomba kuuliza swali. Sheria inawaruhusu. Alinigeukia akasema polepole, "Hizo tofali mbichi tumezisikia. Mimi nauliza za kwanza, zilizokwisha kuchomwa. Kuni zake mlikata wapi?"

Nilikuwa nimeapa, lakini sitadai kwamba kiapo ndicho kilichonifanya niseme kweli. Nilisema kwa sababu sikuweza kufikiri haraka. Hofu ilikuwa imenimalizia akili yote.

"Chemchemini," nilisema. "Ni sisi tulioikata. Mikuyu mitano."

Nikasikia kitu juu ya bati, tone moja, likafuatiwa na matone machache kama mtu anatupa punje za mahindi. Halafu mbingu ilifunguka yote kwa mkupuo mmoja, na kelele ikawa kubwa kiasi kwamba niliona midomo ya hakimu ikitembea bila kusikia neno.

Walipiga vigelegele. Walikimbilia nje, wazee kwa watoto, wakasimama mvuani wakinyoosha mikono. Jirani yangu, mshtakiwa, naye alitoka, na hakuna aliyemzuia. Mwanamke mmoja alirudi mlangoni, amelowa chapachapa, akanielekezea kidole huku akicheka kwa furaha, akapiga kelele, "Amefungua! Amekiri, amefungua!" Hakuwa na ubaya hata chembe. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakimu na washauri waliinamiana kwa muda, kisha akasoma uamuzi kwenye chumba tulichobaki mimi, mama mkwe na karani tu, akikaribia kupayuka ili kuishinda mvua. Jirani yangu ametiwa hatiani kwa kutishia, kwa kura zote tatu. Atasaini kwamba atatunza amani kwa mwaka mmoja. Yule mzee mnene aliomba maneno yake yaandikwe pia, na karani akayaandika: mvua ni ya Mungu na huyu mama hakuifunga, ila chemchemi ilikuwa ya kijiji na huyu mama ameimaliza. Hakimu akasema hilo la chemchemi halikuwa shauri lililoletwa mbele yake, anayetaka alilete. Hakuna aliyelileta. Nilikuwa nimeshinda kesi, na kati ya watu wote waliokuja kuisikiliza hakuna hata mmoja aliyesikia.

Tofali mbichi ziliyeyuka zote usiku uleule. Nilipoona rundo la udongo nilifurahi, nikadhani hilo litanisafisha, maana ni nani angefungua mvua impige mwenyewe? Kijijini wakasema kumbe nimekubali kupata hasara kwa ajili yao.

Baada ya hapo walinipenda. Sijui nieleze vipi jinsi kupendwa kule kulivyonitisha. Wanawake waliniinamia kidogo walipokuwa wananisalimu, hata walionizidi umri. Kwenye mashine nilipishwa tena foleni, safari hii kwa tabasamu. Mume wangu aliporudi kutoka Lubumbashi akasimuliwa, alicheka hadi akashika tumbo, kisha tukatoka pamoja kwenda dukani, akaona mama mmoja mzima akishuka kwenye njia ili nipite. Hakucheka tena. Alikaa siku nne akaondoka na lori, akasema tutazungumza akirudi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima wa kualikwa kwenye semina, nilikaa ukumbini Vwawa nikamsikiliza mwanasheria akieleza mabadiliko ya tabianchi. Alisema majira yanavurugwa na watu walio mbali sana, wenye viwanda, na kwamba sheria zinarekebishwa ili siku moja mahakama ziweze kuwauliza. Alisema vizuri. Nilitaka kunyoosha mkono nimuulize, kwa hiyo mwaka ule ningemshtaki nani? Maana kijiji kilikuwa na njaa ya kweli na kilitaka mtu wa kumwajibisha, na mtu aliyekuwa karibu nilikuwa mimi. Na tena nilikuwa na kosa, kosa la kweli kabisa, chini ya shamba langu, lililoandikwa kwa mkono wa karani, ambalo hakuna aliyetaka kunihukumu kwalo. Ningehukumiwa kwa mikuyu ningelala usingizi. Sikunyoosha mkono.

Narudi kwenye mwaka uliofuata. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa katikati, mbingu nyeupe tena, na ule mwaka mmoja wa kutunza amani ulikuwa umebakiza wiki tano. Mama mkwe alikuwa anazihesabu. Walikuja mchana, watu kumi safari hii, wanaume kwa wanawake. Jirani yangu alikuwa mbele, amevaa koti la kanisani, na mkononi kuku jike mweupe aliyefungwa miguu.

"Shemeji, tumekuja kwa heshima," alisema. "Ubaya hakimu alishatukataza. Tunakuomba mwaka huu ufungue mapema."

Niliingia ndani nikaleta nakala ya hukumu. Nilikuwa nimeitunza sandukuni kwa siku kama hiyo. Nikampa, maana alijua kusoma, nikamwonyesha palipoandikwa kwamba sikufunga mvua. Aliisoma kwa makini, kidole kikifuata mstari, kisha kidole kikashuka chini kidogo kikasimama.

"Na hapa," alisema, "panasema ulikubali. Na ulipokubali ikanyesha. Sote tulikuwepo."

"Nilikubali miti, shemeji! Nilisema miti!"

"Ndiyo," alijibu kwa upole uleule. "Miti." Na wenzake wakatikisa vichwa kama watu wanaoelewa mambo yasiyosemwa hadharani.

Nikimkataa kuku, nimeikatalia mvua. Nikimpokea, mvua ni yangu, na ikichelewa ni mimi niliyeichelewesha. Niliangalia nyuso zile moja moja. Hazikuwa na chuki. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamsikia anavyohema.

Nilimpokea kuku.

Kisha nikasikia sauti yangu ikisema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilisema mvua haitakuja mpaka chemchemi irudishiwe miti yake, mikuyu mitano na mingine ishirini juu yake, na kwamba ng'ombe asifike pale, wala panga, na atakayevunja hata kijiti kimoja asije kunililia. Nilisema kwa sauti nzito, ya mtu mwingine. Jirani yangu aliinamisha kichwa, akasema, "Tumesikia, mama." Aliniita mama. Baada ya siku mbili tu mashimo yote yalikuwa yamechimbwa na vijiti vya mikuyu vimepandwa, na watu walibeba maji kutoka mbali, ndoo kwa ndoo, wakanywesha vijiti vile kabla ya watoto wao.

Mahakamani nilisema kweli na kijiji hakikusikia. Uani kwangu nilidanganya, na wote walitii. Jioni ya siku ya pili nilikwenda kuangalia, nikamkuta bibi mmoja amepiga magoti anafukia udongo kwa vidole kuzunguka mche wake. Aliponiona alishtuka, akaficha mikono nyuma kama mtoto aliyekosa. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri nilichokifanya, na vizuri zaidi kile ambacho kingenipata kama mbingu isingetii kama wao walivyotii.

Nilirudi nyumbani nikakuta mama mkwe anakunja mablanketi. Alikuwa amekwisha kufunga sufuria kwenye kanga, na watoto wamevaa viatu.

"Tuondoke kabla haijachelewa," alisema.

"Tukiondoka watasema tumekimbia na mvua yao."

"Waseme," alisema. "Shika huyo kuku."

Tulipanda lori la mahindi lililokuwa linakwenda Tunduma. Njia nzima niliangalia juu, na hakukuwa na wingu hata moja.